Bwana Mdogo Alikuwa Amelala

14 Januari

Shangazi yangu,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikianza na shikamoo nitanogewa na habari za nyumbani, halafu woga utanishika, halafu nitalamba bahasha na jambo lenyewe litabaki tumboni.

Kila Jumapili ninamtoa Bwana Mdogo nje ya nyumba. Ninamweka kwenye kikapu cha mbele cha baiskeli ya Baba, nimemviringisha kwenye mtandio wako wa njano, uso tu ndio uko nje, na tunatembea. Baba anajua naenda kupunga upepo. Mama anajua naenda kwa rafiki. Rafiki sina, kwa hiyo Mama ndiye niliyemdanganya, na hata yeye si sana.

Haya, shikamoo. Unaendeleaje na hiyo baridi uliyoisema? Sisi wazima. Baba bado anarudi kutoka kiwanda cha uchapaji na wino kwenye kucha. Wanachapa kalenda zilizochelewa, na mtu anayechapa kalenda wakati mwaka umeshaanza huwa hana wa kucheka naye. Mama yuko palepale mapokezi ya zahanati, anasema siku hizi watu wanaugua kwa foleni. Kitanda chako kipo upande wa dirisha. Hakuna aliyeniambia nikihamie, nami sijakihamia.

Uliponiachia Bwana Mdogo mwezi wa kumi, ulimtoa kwenye kopo lake la biskuti ukanieleza upya kana kwamba sikulala naye chumba kimoja miaka yote. Huyu si pambo, ulisema, huyu ni Krishna akiwa mtoto, anatambaa, ana donge la siagi mkononi. Ni wa shaba na urefu wake ni kidole cha kati, lakini ana njaa na usingizi kama mtoto yeyote. Mwamshe, mwogeshe, mlishe, mlaze. Nimefanya hivyo kila siku. Asubuhi namwosha kwa maji ya vuguvugu kabla Baba hajaamka. Namtengea kipande cha ndizi, au sukari kama ndizi hakuna. Jioni namwashia taa. Ila wewe ulikuwa unaongea naye, na mimi, unanijua, hata yeye nilikuwa namwonea haya.

Shuleni nafikiri kwa lugha moja na natakiwa kujibu kwa nyingine, na sauti yangu inapotelea katikati ya hizo mbili. Kwenye ripoti mwalimu wa darasa ameandika "aongee zaidi" kwa muhula wa tatu mfululizo. Nilidhani kwa Mungu kutakuwa na nafuu, lakini zile sala nilizokariri kwako ni lugha ya tatu. Maana yake siijui, na zinatoka mdomoni kama hesabu za kuzidisha.

Juu ya baiskeli ndipo nilipoanza kuongea. Tunatoka saa kumi, akishaamka. Tunapita nyuma ya maghala, halafu kile kiwanja wanapojifunzia watu kurudisha gari nyuma, halafu njia ya kando ya mfereji mpaka nyumba ya pampu, tunageuza. Naenda polepole sana. Pedali ya kulia ikishuka nasema Govinda, lile jina lake ulilonifundisha. Ikishuka tena, Govinda. Kama hakuna upepo, mara mia na nane zinatufikisha nyumba ya pampu. Kabla ya hapo kuna mteremko mdogo, na kwenye mteremko pedali hazizunguki. Mwanzoni niliona kama naiba, napata njia bila kutaja jina. Sasa nanyamaza tu, tunateremka wote wawili, na nawaza labda hapo ni zamu yake kunitaja mimi. Halafu kati ya jina na jina namweleza mambo. Kwamba nimekaa peke yangu mapumziko yote. Kwamba nilijua jibu la swali la nne nikaacha mwingine akosee.

Fundi baiskeli wa kule mferejini, yule wanayemwita Pancha, aliniambia, "Wewe binti unaendesha kama umebeba mayai." Nikamjibu ndiyo. Ndilo neno pekee nililomwambia mtu siku ile.

Kinachonisumbua ni hiki. Bwana Mdogo ndiye aliyemwendeshea rafiki yake gari la vita katikati ya majeshi mawili, akashika hatamu za farasi kama dereva wa kuajiriwa. Leo mimi namwendesha kwenye kikapu chenye kutu. Sijui nimemheshimu au nimemvunjia heshima. Ukisema nisimtoe, sitamtoa tena.

Mtoto wako,
Uzi


2 Februari

Uzi wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ina alama ya tairi juu ya bahasha, nikasema huyu mtoto ameiendesha mwenyewe mpaka huku.

Mimi mzima. Kiwandani tuko wanawake arobaini na cherehani arobaini, na kila mmoja ana kiungo chake cha shati la shule. Mimi ni kola. Mwenzangu wa kulia ni mfuko, wa kushoto ni mkono. Toka nifike sijashona shati zima. Nikikutana na mwanafunzi njiani namtazama shingo tu, mpaka juzi mmoja akajifunga vifungo vyote akidhani nimemwona mchafu. Chumbani tuko wanne. Mwenye nyumba hataki moto, hata njiti ya kiberiti, na rafu zote zimejaa vyombo vya wenzangu. Ndiyo maana Mdogo sikuja naye. Jioni nafumba macho nawasha taa kichwani, nazungusha mkono, halafu nafumbua naona sufuria za watu.

Sasa la baiskeli. Nimelisoma mara mbili, ya pili nilisimama. Uzi, mtoto hutolewa nje. Mtoto gani anafungiwa kwenye kopo la biskuti wiki nzima? Mimi sikuwahi kumtoa kwa sababu niliogopa kuonekana, mtu mzima na kikapu. Wewe mwenye haya kuliko sisi sote umenipita. Na kama yeye hakuona aibu kuwa dereva wa rafiki yake, hataona aibu kuwa abiria wako.

Lakini shika haya. Avae kitu cha kichwani. Usimpitishe kwenye moshi. Na usingizi wake wa mchana ni saa sita mpaka saa kumi. Akishalala asitikiswe, asinyanyuliwe, asiamshwe, hata dunia ipinduke. Wewe ulipokuwa mchanga, ukiamshwa ghafla unalia mpaka jioni na nyumba nzima inajuta. Yeye halii. Ndiyo maana tumwonee huruma zaidi. Hilo nakuomba kuliko mengine yote.

Nimemfumia sweta, limo humu ndani ya barua. Uzi wake wa bluu nimeutoa kwenye soksi zangu. Vipimo nimechukua kwa kumbukumbu, niambie kama linambana.

Baba yako asijue haya ya kutembea. Si kwamba nina kinyongo naye. Sina. Tuyaache hayo.

Kula, umezidi kuwa mwembamba hata kwenye mwandiko.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Hii sitaituma. Naiandika nyuma ya daftari la jiografia kwa sababu nisipoiandika mahali nitaisema kwa sauti darasani.

Bwana Mdogo amepotea.

Jumapili nilikuwa na jaribio la kesho yake, nikasema leo tutoke mapema, saa nane, nirudi nisome. Nilikuwa nimemlisha na kumvalisha sweta (halimbani), nikamlaza ndani ya kikapu, nikamfunika uso, maana alikuwa amelala. Niliendesha polepole kuliko siku zote. Govinda nilimtaja kwa midomo tu. Tulipofika nyumba ya pampu tairi la mbele likatoa pumzi, likakaa chini.

Kutoka pale mpaka kwa Pancha barabara inatengenezwa, wamemwaga kokoto njia nzima. Kusukuma baiskeli yenye pancha juu ya kokoto ni kutikisika mtindo mmoja, na kikapu kiko juu ya tairi hilohilo. Nilijaribu hatua tatu. Nikaona mtandio unarukaruka. Nikasimama, nikasikia sauti yako kabisa: asitikiswe, asinyanyuliwe. Kile kikapu kimeshikiliwa na kulabu mbili tu, kwa hiyo nilikitoa chote taratibu kama kitanda cha mtoto, nikakiweka kwenye baraza ya nyumba ya pampu, upande wenye kivuli. Nikamwambia, lala, nakuja. Nikaondoka na baiskeli.

Ningeweza kumtia mfukoni. Mtu mwingine yeyote angemtia mfukoni akaenda zake.

Kwa Pancha palikuwa na wawili mbele yangu. Alipoona tyubu yangu akasema hii ina viraka vingi kuliko tyubu yenyewe. Nilicheka. Nilicheka, Shangazi, na kule yeye yuko peke yake. Niliporudi haikuwa imepita saa moja, na baraza ilikuwa tupu. Kikapu hakipo. Mtandio haupo. Mlinzi wa pampu alikuwa ndani na mashine inanguruma, hakusikia kitu. Alichokumbuka ni mkokoteni wa wanunuzi wa chuma chakavu kupita ukielekea mjini.

Jana baada ya shule nilikwenda kwa mwenye yadi ya chuma chakavu. Ilinibidi nirudie swali mara tatu kwa sababu sauti haikutoka. Akasema, "Shaba? Shaba hailali hapa, mwanangu. Chuma ndicho kinakaa mpaka kinanizoea." Akaniruhusu nitafute. Nimefukua vitasa, mabomba, bawaba, miguu ya vitanda. Akaniuliza kinafananaje nimsaidie. Nikasema ni mtoto mdogo anatambaa. Akaenda kuniletea glovu.

Alikuwa amelala. Aliamkia wapi? Nani alimfunua uso?

Baba ameuliza kikapu kiko wapi. Nimesema kulabu zimekatika.


3 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Kalenda zimekwisha, Baba amefurahi, sasa wanachapa fomu. Mama amepewa kiti kipya kazini, kile cha kuzunguka, na anasema mgongo umepona lakini kichwa kinamzunguka.

Jaribio la jiografia nimepata alama nzuri.

Asante kwa sweta. Halimbani. Bwana Mdogo amelala ninapoandika, kwa hiyo siandiki mengi.

Uzi


30 Machi

Uzi wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, na ilipofika nikaona ni nusu. Nikatikisa bahasha nikidhani nyingine imeng'ang'ania ndani. Hakuna hata mstari mmoja wa baiskeli. Mvua? Au baiskeli imeharibika? Au mmegombana, wewe naye? Hilo linawezekana, mimi tuligombana naye miaka mizima na asubuhi nikamwogesha hivyohivyo, nimenuna.

Nina habari. Nimepata chumba changu peke yangu. Ni kidogo, ukifungua mlango kitanda kinakupokea, lakini kina dirisha la mashariki na mwenye nyumba ni mama mmoja fundi wa viatu ambaye nilimwuliza kuhusu taa akajibu, "Usichome nyumba, basi." Kwenye kizingiti cha dirisha nimepima, anaenea yeye, kikombe chake na taa. Nimeshapafuta. Kila nikitoka kazini najikuta natembea haraka, halafu nafika nakumbuka kwamba bado.

Kwa hiyo shule ikifungwa nitakuja kumchukua. Najua umemlea vizuri. Sijui nikushukuru vipi, tutaona nikifika.

Humu nimeweka nguo zake tatu, mojawapo sweta jingine la bluu, na sweta moja la zamani, lile jeupe lililogeuka rangi ya chai. Nimelikuta chini kabisa ya sanduku nilipohama. Ni kubwa, yeye halimfai. Lifumue, upate uzi wa kumfumia shuka.

Nikumbushie, siku hizi anakula nini?

Shangazi yako


11 Mei

Uzi,

Barua moja hukunijibu, nikasema posta. Hii ni ya pili naandika bila ya kwako. Baba yako nilimpigia simu kwa mwenye duka la hapa akasema mko wazima, unasoma, hulali mapema. Tuliongea dakika mbili. Aliuliza kuhusu baridi.

Nitafika Jumamosi tarehe 8 mwezi wa sita, basi la mchana.

Nimekaa nikawaza kwa nini umenyamaza, na nadhani nimejua. Umemzoea. Nilikuachia mtoto miezi yote hii, ukamtembeza, ukamweleza ya moyoni, halafu nakuja na mkoba kusema nipe. Mimi ni mtu mzima, ningepaswa kulifikiria hilo mapema. Kama ni hivyo, sema tu. Kwa sauti au kwa karatasi. Sitamchukua kwa nguvu. Nitakuja nimwone, nimwogeshe siku mbili hizo nikiwepo, na nirudi. Kizingiti cha dirisha kitawekwa kitu kingine.

Ila usininyamazie, Uzi. Nimenyamaziwa vya kutosha.

Shangazi yako


8 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hii haipiti posta, utaisoma humu chumbani kwa sababu najijua, mdomo wangu utakwama. Baba amekwenda stendi kukupokea. Amevaa shati la kutokea. Wiki hii yote amekuwa akitengeneza rafu juu ya kitanda chako, ya mbao nzuri kabisa, penseli sikioni, anapima na kupima tena. Nilipomwuliza ni ya nini akasema, "Ya huyo mtoto wenu." Hajui. Mama hajui. Anayejua ni mimi na karatasi.

Bwana Mdogo nimempoteza. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Februari. Ndani ya daftari hili la jiografia, ukurasa wa nyuma, nimeandika yote ilivyokuwa. Nimelifungua hapo, utalikuta kando ya barua hii. Nilimwacha kwenye baraza ya nyumba ya pampu kwa sababu alikuwa amelala na sikutaka kumwamsha, nikaenda kuziba pancha, niliporudi hakuwepo. Barua ya tarehe tatu Machi ilikuwa ya uongo. Sikumzoea kupita kiasi. Sikatai kukurudishia. Sina cha kukurudishia.

Kuna lingine baya kuliko hilo, na hili hata kwenye daftari halimo.

Sweta la rangi ya chai nilimwonyesha Mama, nikamwuliza nalifumua vipi bila kulikata. Mama alikaa kwenye kitanda chako akalishika muda mrefu. Akaniambia kwamba miaka ishirini na mmoja iliyopita ulizaa mtoto wa kiume akaishi siku tisa, na sweta ni lake, na kwamba walipotoka kumzika, Bibi alikuja akakuwekea Bwana Mdogo mapajani. Akaniambia pia jinsi ulivyoondoka. Nilikuwepo mezani siku ile lakini sikuelewa. Baba alisema, "Huyo wa shaba hatakuzika," nawe ukaacha sahani katikati ukaenda kuosha mikono, na wiki iliyofuata ukawa umepata kazi ya mbali. Nilidhani ulikuwa umeshiba.

Kwa hiyo nilipokuja kufanya nilichofanya, nilikuwa nimeshajua yote hayo.

Nilikwenda kwa muuza vyombo. Ana rafu nzima ya watoto wanaotambaa, na anasema wote wametoka kwenye kalibu moja tangu baba yake. Kweli. Donge la siagi ni lilelile, goti ni lilelile, nywele ni zilezile. Nikachukua mmoja kwa akiba yangu. Nyumbani nikamsugua kwa ndimu na majivu ili asing'ae mno, nikamvalisha sweta jingine la bluu ulilolileta, na kwa mbali ningeapa. Lakini wa kwako pua ilikuwa imelika kwa kidole chako kila asubuhi, miaka yote hiyo, na huyu ana pua kali kama amekasirika. Nikajua ukimshika tu utajua.

Nikachukua msasa wa Baba.

Nimemsugua Mungu pua kwa msasa, Shangazi. Nilikaa sakafuni, mlango nimeufunga, nikamshika kichwa kwa vidole viwili kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa. Vumbi la shaba lilikuwa linaniangukia magotini. Na mdomo wangu, kwa mazoea tu, ulikuwa unasema Govinda kwa kila msuguo. Sikuwa nimegundua. Nilipojisikia nikaacha. Pua imebaki nusu, upande mmoja umelika na mwingine mkali, na ananitazama kama mtu aliyekatizwa maneno.

Nimemvua nguo zako zote. Zimekunjwa hapa mezani. Huyu hana kosa, na si wako, na mimi sijui nimfanye nini. Asubuhi nimemwogesha. Nilimwambia samahani kwa Kiswahili.

Sweta la mtoto sikulifumua. Liko chini ya mto wako.

Bado natoka Jumapili. Mama anadhani naendelea kwenda kwa yule rafiki. Kikapu hakuna, naona tairi la mbele linavyozunguka. Pancha ameniuliza mayai yameishia wapi. Naenda polepole vilevile mpaka nyumba ya pampu, nasimama, natazama baraza, nageuza. Kuna siku nilijiambia kwamba yeye tangu utotoni ni mtoro, anaiba siagi anajificha, mama yake anamtafuta nyumba kwa nyumba. Labda amechoka na mimi amekwenda kujificha. Ilinifariji mpaka nilipofika mwisho wa maghala. Kuna siku niliwaza ameyeyushwa, amekuwa bomba au kitasa au kengele ya baiskeli, na wiki nzima nikawa nashika kila kitasa cha shule kwa mikono miwili. Wenzangu walicheka. Sikujali sana. Unasema wewe mwenyewe kwamba yeye yumo katika kila kitu. Hilo naliamini. Ila katika kila kitu hanihitaji nimfunike, wala hanisubiri saa kumi. Yule wa kidole cha kati ndiye aliyekuwa akinisubiri.

Nilidhani kabla ya hapo nilikuwa mpweke. Kumbe nilikuwa na mtu.

Usiniambie si kitu. Mama akijua atasema ni shaba tu, na Baba atasema atanunua mwingine mkubwa zaidi, na wote watakuwa wananionea huruma. Wewe usiseme hivyo. Ukitaka kukasirika, kasirika hapahapa chumbani, mimi sitatoka. Ukitaka nikupeleke nyumba ya pampu leo, baiskeli ina upepo na keria ya nyuma inakubeba. Nitakwenda polepole. Utaona mwenyewe ile baraza.

Lango limelia. Namsikia Baba kwenye ngazi, anatembea kwa kuburuta, amebeba mkoba wako. Nyuma yake kuna hatua nyingine, nyepesi, za haraka, zinataka kumpita. Anakuambia subiri nifungue mimi, nawe husubiri.

Nilikuwa nimeweka atlasi juu ya karatasi hii kwa mkono mmoja huku naandika kwa mwingine. Nimeitoa atlasi. Sasa mkono wa kushoto wenyewe ndio unaotaka kuifunika.

Nimeukalia.